Ufa Ulio Chini ya Kito

Miezi michache iliyopita alinijia kijana mmoja aliyepata kusoma chuoni kwangu alipokuwa mdogo. Sasa ni mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, naye anajifunza kazi ya usonara, na katika usonara amefika kwenye mlango wa kupachika vito katika pete na vipuli. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, nina swali, lakini usinitaje jina." Nikamwambia aseme. Akasema:

"Juzi nilikuwa napachika kito cha mteja. Nilipokuwa naikandamiza fedha, ukingo wa kito ukamegeka, kibanzi kidogo kuliko punje ya chumvi. Fundi wangu alitazama akaniambia, endelea tu, fedha itafunika. Na kweli imefunika. Hakuna jicho litakalouona ufa ule mpaka pete ivunjwe. Mteja amekuja, amefurahi, amelipa, amekwenda zake. Je, Maalim, nimedhulumu?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia anipe siku chache. Haikuwa kwa sababu swali lenyewe ni gumu katika vitabu vya fiqhi. Ilikuwa ni kwa sababu swali hilo nilikwisha kuulizwa zamani, na aliyeniuliza ilikuwa ni nafsi yangu mwenyewe, nami sikulijibu kwa wakati wake. Kwa hivyo nimeona bora nilijibu hapa mbele yako, ndugu msomaji, kwani huenda wewe si sonara wala hujapata kushika koleo, lakini sidhani kuwa huna kazi yoyote yenye upande uliofunikwa.

KAZI YENYEWE

Wanavyuoni wetu walitufunza kwamba mtu hawezi kulihukumu jambo asilolijua lilivyo. Basi kwanza tuijue kazi.

Kito, kiwe akiki au feruzi au yakuti, hakigandishwi kwenye pete kwa gundi. Hushikwa na madini yenyewe. Njia ya zamani kabisa, nayo ndiyo ya kwanza kufunzwa mwanafunzi, ni kukijengea kito nyumba. Fundi hukata utepe mwembamba wa fedha safi, kwani fedha safi ni laini kuliko ile iliyochanganywa na shaba. Huuzungusha utepe ule kwa kipimo cha kito, akaziunga ncha zake mbili kwa lihamu, kisha akauunga ukuta huo juu ya kitako cha pete. Kazi yote ya moto sharti iishe kabla kito hakijaingia, kwa sababu vito vingi havistahamili moto. Ukuta ukiwa mrefu mno utameza kito na kukiziba uzuri wake, na ukiwa mfupi mno hautakishika. Kipimo chake ni kuvuka kidogo pale ambapo ubavu wa kito unaanza kuinama kwa ndani.

Kisha hutazamwa kitako. Kito sharti kikae sawasawa juu ya sehemu iliyonyooka. Kikiwa kinacheza, hata kwa upana wa unywele, basi fundi mwema hutoa tupa akarekebisha mahali pake. Fundi wa haraka hutia unga wa msumeno chini yake ili kukiinua, na siku ile kito hukaa vizuri. Lakini pete itatiwa maji mara tano kwa siku kwa udhu peke yake, na unga wa mbao ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na kito huanza kulegea taratibu bila mwenyewe kujua.

Mwisho huja kukandamiza, na hapa ndipo mtihani ulipo. Mwanafunzi hudhani atashika chuma chake aanze upande mmoja azunguke mpaka amalize. Akifanya hivyo, fedha yote iliyozidi itasukumwa mbele yake ikusanyike mahali pamoja na kufanya kunyanzi, na kito kitabanwa upande mmoja huku upande wa pili kiko wazi. Njia ya sawa ni kukandamiza kidogo kaskazini, kisha kusini. Kidogo mashariki, kisha magharibi. Kisha kati na kati, mpaka ukuta wote umeinama juu ya kito kwa uadilifu. Kila sehemu hupata haki yake, na hakuna inayobeba mzigo wa nyenzake.

Kadhalika kuna upachikaji wa makucha, ambapo vijiti vinne au sita vya madini hukishika kito kwa juu na mwanga ukapita chini yake. Kuna wa mfereji, ambapo vito vidogo hupangwa safu baina ya kuta mbili. Na kuna wa punje, ambapo fundi huinua chembe za dhahabu yenyewe kwa patasi ndogo ili zikishike kito. Kila mmoja una ujuzi wake, lakini wote wana jambo moja la kushirikiana: mahali kito kinaposhikwa ndipo mahali pasipoonekana.

Na vito havilingani. Katika kipimo cha ugumu kiitwacho cha Mohs, kinachoanzia 1 mpaka 10, almasi ni 10, yakuti ni 9, akiki ni karibu na 7, tanzanaiti ni baina ya 6 na 7, na lulu haifiki 5. Lakini mwanafunzi asighurike na hesabu hizi. Kipimo hiki kinaonyesha kito kisivyokwaruzika, wala hakisemi kwamba hakivunjiki. Almasi yenyewe, pamoja na ugumu wake wote, ikigongwa kwa upande wake dhaifu hupasuka. Zumaridi ni gumu kuliko akiki, lakini mara nyingi lina nyufa zake za asili, na huvunjika upesi mikononi mwa asiyelijua.

KISA CHA AKIKI

Sasa nitasema lile nililolificha.

Mwaka 1976 nilikuwa na umri wa miaka 15, nami nilikuwa nasoma chuoni asubuhi, na alasiri nikikaa kwa fundi mmoja wa fedha hapa kwetu Lamu. Amekwisha fariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami simtaji jina. Kazi yetu nyingi ilikuwa pete za fedha, baadhi yake tukipachika vipande vya sahani za kale za Kichina vilivyookotwa magofuni na ufukweni, nyingine vito vya watu wenyewe.

Siku moja alikuja bibi mmoja mjane. Alifungua fundo la kanga yake akatoa akiki nyekundu iliyokoza. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Pete ya zamani ilikuwa imelika mpaka imekatika, naye alitaka kito kile kipachikwe katika pete mpya, ampe mwanawe wa pekee aliyekuwa akijitayarisha kusafiri kwenda Maskati kutafuta riziki. Alisema maneno machache tu: "Fundi, hiki ndicho alichoachiwa na baba yake."

Fundi alinipa mimi kazi ile, nami nikaona fahari. Nilijenga nyumba ya kito vizuri. Lakini siku ya kukandamiza nilikuwa na haraka, kwani adhana ya Magharibi ilikuwa karibu na wenzangu waliningoja. Nikakandamiza upande mmoja kwa nguvu bila kwenda upande wa pili. Nikasikia sauti ndogo, kama ukucha unapokatika. Kibanzi kilikuwa kimeruka ukingoni.

Nilimwonyesha fundi. Aliitazama pete kwa karibu, akachukua chuma, akainamisha fedha juu ya mahali pale, akasugua mpaka pakang'ara. Kisha akaniambia: "Mungu ameshasitiri. Nawe sitiri."

Bibi alipokuja aliichukua pete ile akaitazama kwenye mwanga, akanishika kichwa akaniombea dua, na juu ya ujira wa fundi akanipa mimi shilingi moja. Niliipokea. Ndugu msomaji, nimepokea fedha nyingi tangu siku ile na nyingi nimezisahau, lakini shilingi ile naijua mpaka leo ilivyokuwa kiganjani.

Miaka ikapita. Niliacha usonara nikashika elimu, nikafika pahali pa kusomesha wengine mlango wa toba. Kila mwanafunzi anajua kwamba toba ina masharti yake, kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutorejea, na kwamba ikiwa dhambi imegusa haki ya mtu basi huongezeka sharti la nne, nalo ni kumrejeshea mwenyewe haki yake au kumtaka radhi. Nilikuwa nikiwasomesha watoto sharti la nne huku mwenyewe sijalitimiza. Nilipoamua kwenda kwa yule bibi nikaambiwa alikwisha fariki mwaka 1984.

Mwaka 1988 mwanawe alikuja likizo kutoka Maskati. Nilikutana naye baada ya swala ya Alasiri, nikamweka kando, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema:

"Kito kile kilianguka mwaka wa pili. Nilikuwa kazini bandarini, nikatazama kidole nikaona pete ina shimo. Nilitafuta siku mbili. Nilimwandikia mama nikamwambia ukweli kuwa kimepotea. Hakunigombeza. Alinijibu tu kwamba baba yako alikivaa miaka thelathini na hakikuanguka."

Akanyamaza, kisha akasema: "Maneno hayo nimekuwa nayo mpaka leo. Mama amekufa akijua kuwa mimi sikukitunza."

Nikamtaka radhi. Akaniambia: "Kwa upande wangu nimekusamehe. Kwa upande wa mama sina mamlaka."

Hicho ndicho kisa changu, na sina cha kukipamba.

HOJA ZA WANAONYAMAZA

Sasa tuzitazame kwa insafu hoja za mwenye kuficha, kwani si hoja za kipumbavu, na mimi mwenyewe nilizishika miaka kumi na miwili.

Hoja ya kwanza: hakuna aliyedhurika. Ufa hauonekani, pete ni nzuri, mteja amefurahi, basi dhulma iko wapi? Jawabu ni kwamba anayesema hivi anahukumu jambo ambalo bado halijaisha. Ukingo wa kito uliomegeka ni mahali ambapo fedha haina cha kushika. Leo hakuna tofauti. Lakini pete hugongwa mlangoni, husuguliwa na mchanga, huvaliwa kazini, na siku itakapoachia, fundi hatakuwapo. Na tazama jambo jingine ambalo mimi sikuliona mpaka niliposikia maneno ya yule mtu: kosa lililofichwa haliondoki duniani, bali huhama. Lilitoka mikononi mwangu likaenda kwa mtu mwingine aliyelibeba kama lake. Nilipokaa kimya sikuficha kosa langu tu. Nilimtwisha asiyekuwa na kosa. Lau bibi yule angaliambiwa, labda angalisikitika siku moja, lakini angalimwambia mwanawe, "Kitazame kito hiki kila mara, kina udhaifu upande huu." Kujua ni sehemu ya kile alichokilipia.

Hoja ya pili: kusitiri ni thawabu. Hii ndiyo iliyonighuri, kwa kuwa imevaa kilemba. Ni kweli kwamba dini yetu inasifu kusitiri aibu. Lakini tuulize: aibu ya nani, na kwa hasara ya nani? Kusitiri kunakosifiwa ni kumfunika ndugu yako aliyeteleza, asifedheheke mbele ya watu, na hali kosa lake halimdhuru mwingine. Ama kufunika aibu ya bidhaa au ya amana mbele ya mwenye kuilipia, hilo halina jina la sitara. Jina lake ni ghushi. Twapata katika hadithi mashuhuri kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, akakuta umajimaji chini. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (S.A.W.) hakumlaumu kwa mvua, kwani mvua si kosa la mtu. Alimlaumu kwa kutoiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Basi na kibanzi nacho chaweza kuwa kama mvua. Kupanga kikavu juu na kibichi chini ni kitendo chetu wenyewe.

Hoja ya tatu: huruma. Kumwambia mjane kwamba kumbukumbu ya mumewe imeharibika ni kumuumiza bure. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami sitaki kuipuuza. Lakini huruma hutufunza namna ya kusema, na wakati wa kusema, na upole wa kusema; haitupi ruhusa ya kumfanya mtu asiijue mali yake. Na kuna mizani ya kuipima huruma hii, ambayo kila mmoja anaweza kuitumia nafsini mwake. Jiulize: lau kito kile kingaliletwa dukani hali kimekwisha megeka, ungalinyamaza kwa huruma? Wallahi usingalinyamaza. Ungalimwonyesha mteja palepale, "Bibi, tazama, kito chako kina ufa, usije ukasema ni mimi." Basi ikiwa tunasema kosa linapokuwa la mteja na tunanyamaza linapokuwa letu, kilichotufunga mdomo ni hofu wala si huruma.

Hoja ya nne ni riziki. Fundi ni maskini, mwanafunzi hana kitu, na kito chaweza kuwa na thamani ya ujira wa miezi sita. Akisema, atalipa nini? Hapa fiqhi ina rehema ambayo watu hawaijui. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi anayewafanyia kazi watu wengi ni mwenye amana, halipi kilichoharibika mkononi mwake ila akiwa amefanya uzembe au amevuka mpaka wa kazi yake. Wanavyuoni wengine, na khasa katika madhehebu ya Imam Malik, wamewafanya mafundi kuwa wenye dhamana kwa kuchunga maslaha ya watu, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali alihukumu hivyo. Lakini angalia: khitilafu yao ni katika kulipa. Sikumwona miongoni mwao aliyejenga juu ya khitilafu hiyo ruhusa ya kuficha. Kwa hivyo watu wangapi huficha kosa kwa kuikimbia fidia ambayo pengine sharia haikuwatwisha? Ama mimi nilikuwa na haraka, na haraka ni uzembe. Fidia ilinilazimu, na nilipomlipa yule mwana thamani ya akiki aliipokea ili kuniondolea deni tu.

PAMBO NA GHUSHI

Huenda msomaji akauliza: je, fundi atakiri kila mkwaruzo wa tupa? Kazi yote ya mapambo ni kuonyesha uzuri na kufunika ubaya. Basi mpaka uko wapi?

Swali hili ni la haki. Akiki nyingi nyekundu zilizoletwa pwani hii kwa karne nyingi kutoka Khambhat, Bara Hindi, zilipikwa kwa moto ili wekundu wake ukolee. Tanzanaiti, iliyovumbuliwa mwaka 1967 huko Mererani, mara nyingi hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, na ni moto wa karibu nyuzi 500 za Selsiasi unaoipa ile buluu inayojulikana dunia nzima. Mafundi wa zamani walitia karatasi nyembamba ya madini inayong'aa chini ya kito ili kirudishe mwanga. Je, yote haya ni ghushi?

Nionavyo mimi, mpaka wake ni mambo mawili. La kwanza ni 'urf, yaani mazoea yanayojulikana. Jambo ambalo kila mtu wa biashara ile analijua, na muuzaji akiulizwa hulisema bila kuficha, hilo ni katika sanaa. Tanzanaiti iliyopikwa ikauzwa kwa jina lake haikumdanganya mtu. Kioo cha buluu kikiuzwa kwa jina la tanzanaiti, huo ni wizi wa mchana, hata kama kimepachikwa kwa dhahabu safi. La pili ni lile wanalosema mafakihi katika mlango wa khiyari ya aibu: aibu inayohesabiwa ni ile inayopunguza thamani ya kitu au kuharibu lengo lake, kwa hukumu ya wajuzi wa jambo hilo. Mkwaruzo wa tupa ndani ya pete hauwi hivyo. Ukingo wa kito uliomegeka mahali kinaposhikwa unakuwa. Na ukipata shaka, jiulize kama mnunuzi angalijua, je, angaliomba bei ipunguzwe au angaliiacha? Ikiwa ndio, basi mwambie.

Tena kuna mlango mwingine ambao wanunuzi wetu hudhulumiwa kila siku nao hawajui, nao ni mizani. Pete ya dhahabu yenye kito ikiwekwa kwenye mizani nzima na ikauzwa kwa bei ya dhahabu, mtu amenunua jiwe kwa bei ya dhahabu. Jambo hili si jipya. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya sahaba Fadhala bin Ubayd, aliyenunua siku ya Khaybar mkufu wa dhahabu na ushanga kwa dinari 12. Alipoupambanua akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akakataza kitu kama hicho kisiuzwe mpaka kipambanuliwe. Tazama, ndugu msomaji: safari hii aliyepata faida ni mnunuzi, na bado alikatazwa, kwani sharia haikubali mmoja katika wawili awe anafanya biashara gizani. Naye mwanachuoni wetu Al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima juu ya vito na madini, akivipima kwa maji ili uzito wa kila kimoja ujulikane kwa hesabu. Wazee wetu hawakuona kuwa kupima jiwe kwa uangalifu ni kazi ya kidunia tu.

NASAHA

Kwa mwanafunzi wa kazi hii nasema: jifunze kwa shaba kabla ya fedha, na kwa vito vya bei rahisi kabla ya amana za watu. Usikandamize upande mmoja ukausahau wa pili. Ukisikia haraka moyoni, weka chuma chini uende ukaswali, kito hakitakimbia. Na siku utakapovunja, kwa sababu utavunja, sema siku ile ile. Neno la kukiri ni jepesi siku ya kwanza, na kila siku likilala huongezeka uzito. Mimi nililibeba miaka kumi na miwili na nilipolitua nikakuta mmoja wa wenyewe hayupo wa kulipokea.

Kwa mafundi wakubwa nasema: mwanafunzi anayekuletea kosa lake mkononi amekuletea kitu chenye thamani kuliko kito. Ukimfundisha kulifunika, umemfundisha ufundi wa pili ambao hutaweza kumsahaulisha. Na siku moja atautumia kwako wewe.

Kwa wateja nasema: nanyi mna sehemu yenu. Fundi akikujia akasema "nimekosea", usimtangaze mji mzima wala usimtukane. Mwenye kuuadhibu ukweli kila unapomjia hununua uwongo kwa fedha yake, kisha akalalamika kuwa hakuna waaminifu. Tena kabla ya kuacha kito cha thamani, kitazameni pamoja, kielezwe kilivyo, na mkubaliane nani atabeba hasara ikitokea. Maneno machache mwanzo huondoa ugomvi mwingi mwisho.

Namrudia yule kijana. Nilimjibu kwamba ndiyo, amechukua fedha ya kazi kamili kwa kazi iliyo pungufu, na kwamba njia iko wazi maadamu mteja yu hai na anajulikana alipo. Alikwenda. Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba mambo yalikwisha kwa kukumbatiana. Mteja alikasirika, akataka arejeshewe ujira wake, na fundi wake naye akamkata malipo ya wiki mbili kwa kumtia aibu. Alikuja kunieleza akiwa na huzuni, akaniuliza: "Sasa Maalim, nimepata nini?" Sikumwambia kuwa ukweli hulipa siku ile ile, kwani mara nyingi haulipi. Nilimwambia: "Umepata kwamba kito kile kikianguka kesho, hakuna mtoto wa mtu atakayelaumiwa kwa ajili yako."

Twasoma katika sifa za Mtume (S.A.W.) kwamba alivaa pete ya fedha, na katika riwaya moja kwamba kito chake kilikuwa cha Kihabashi, naye alikuwa akikielekeza upande wa kiganja. Wenye elimu wamesema mengi juu ya hekima yake. Mimi kila nikiikumbuka habari hiyo hukumbuka kwamba mtu yule mwema kuliko wote hakujali kito chake kitazamwe na watu. Nasi je, ule upande wa kazi zetu unaotazama ndani, unaoonwa na Mwenyezi Mungu peke yake, tumeupa uangalifu gani?

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyaficha kwa waja wako, na utuwezeshe kuyarejesha kabla hatujafarikiana nao. Umrehemu bibi yule na mumewe, na umwekee mwana wao badala ya kile alichokipoteza kwa sababu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.